Mpelekee DJ wa kibandani

Majaji wa tamasha wana fomu zao za alama, wakosoaji wana nyota zao tano, na mtaani Nairobi kuna kipimo cha tatu cha filamu kubwa ambacho hakuna aliyekiandika. Kibanda cha mabati, mabenchi, televisheni imefungwa juu ukutani, na nje ubao wa chaki unataja muvi za mchana na mechi ya jioni. Ndani, sauti ya asili ya filamu imeshushwa. Juu yake DJ anasimulia kwa Kiswahili cha mtaani: staringi ni yupi, adui ametumwa na nani, yule mzee anaficha nini, na mbona msichana amegeuka nyuma ghafla. DJ Afro ndiye aliyeitangaza kazi hii nchi nzima, kwa filamu za Kihindi, za Kichina na za Marekani, na wako watu wazima leo wanaozikumbuka filamu hizo kwa sauti yake kuliko kwa sauti za waigizaji wenyewe.

Wenye shahada za filamu huicheka kazi hiyo, na hapo wanajinyima somo la bure. DJ hana skripti mkononi. Kinachomwongoza ni kile kinachoonekana: nani anamtazama nani, nani anataka nini, mlango uko wapi. Filamu ambayo haiwezi kusimuliwa hivyo ina ufa kwenye msingi. Lakini filamu ambayo DJ anaweza kuisimulia mwanzo hadi mwisho bila kunyamaza hata mara moja nayo ina upungufu, kwa sababu haina kitu cha kumfanya mtu aseme, “Ngoja, hii lazima uione mwenyewe.” Filamu kubwa ni ile inayosimulika kwa mdomo wa mtu mwingine, kisha ikawa na dakika chache ambazo msimulizi huyo analazimika kufunga mdomo. Mambo hayo mawili hutengenezwa kwa ufundi, na yote mawili huharibika kwa sababu zinazojulikana.

Jaribio lenyewe halina gharama. Chukua dakika 20 za mwanzo za uhariri wa kwanza. Tafuta watu watatu ambao hawajasoma skripti na hawana sababu ya kukufurahisha: mlinzi wa geti, mama wa chai, binamu ya mtu. Waite mmoja mmoja, maana wakikaa pamoja mmoja ataongoza na wengine watafuata. Zima sauti ya filamu kabisa, weka simu irekodi video ya uso wake, kisha mwambie asimulie anachoona kama anayemweleza mtu aliye chumba cha pili. Usimsaidie hata akikuuliza. Baadaye keti na kalamu, uandike dakika na sekunde za kila mahali aliposema “huyu naye ni nani?” au “wamefikaje hapa?” Mmoja akipotea, huenda alikuwa na usingizi. Wote watatu wakipotea mahali pamoja, kosa ni la mezani kwa mhariri, au liko nyuma zaidi, kwenye skripti.

Tazama pia walikonyamaza. Kuna kunyamaza kwa mtu aliyechoka, macho yakaanza kutafuta simu. Na kuna kunyamaza kwa mtu aliyesahau kwamba alipewa kazi ya kuongea. Video ya uso wake itakuonyesha tofauti bila ubishi. Filamu ya dakika 90 yenye kunyamaza kwa aina ya pili mara nne au tano iko njiani kuwa kitu.

Kwa nini watu hupotea

Mara nyingi ni kwa sababu wahusika wanafanana. Vijana wanne wembamba, wote na hudi nyeusi, usiku, kwenye kichochoro. Kwenye skripti wanatofautishwa kwa majina, na jina halionekani kwenye skrini. Dawa yake ni ya mtu wa mavazi na haihitaji pesa: umbo la kichwa. Mmoja kofia, mmoja nywele ndefu, mmoja upara, mmoja hana budi kuwa mfupi. Wapange kwenye uwanja, rudi nyuma mita 30, piga picha kwa simu, kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kama huwatambui hapo, mtazamaji wa kwenye skrini ya simu ndani ya matatu hatawatambua kamwe, na siku hizi huyo ndiye mtazamaji wa kawaida.

Sababu ya pili ni haja ya mhusika kusemwa badala ya kutendwa. Hapa Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David “Tosh” Gitonga, bado ni darasa. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza DVD za filamu za mapigano, na anaziuza kwa kuziigiza: anarusha mateke, anabadilisha sauti, wanunuzi wanamzunguka. Hajasema anataka kuwa mwigizaji na tayari kila mtu anajua. Anapanda basi kwenda Nairobi, na jiji linampora karibu mara tu anaposhuka. Mtoto wa darasa la tano anaweza kukusimulia sehemu hiyo bila kuruka kitu. Kisha anaingia selo, anaamrishwa asafishe choo, na msimulizi yeyote hapo ananyamaza, kwa sababu uso wa Joseph Wairimu unafanya kitu ambacho hakielezeki: anageuza adhabu kuwa jukwaa. Wairimu alishinda tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la Durban mwaka huo, na filamu ikawa ya kwanza kabisa ya Kenya kuwasilishwa kuwania Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Tuzo zilikuja kwa sababu ya dakika kama hizo. Mtaa uliipokea kwa sababu ya zile dakika nyingine, zinazosimulika.

Sababu ya tatu ni mahali, na hili lina mengi. Mtazamaji akijua vyumba vimepangwaje, mwongozaji anaweza kumtisha kwa mlango tu. Asipojua, hata jeshi zima likiingia hashtuki. Bong Joon-ho aliichora Parasite ya 2019 fremu kwa fremu kabla ya kupiga picha, na nyumba ya matajiri ilijengwa kwa ajili ya kamera, madirisha na ngazi vikiwekwa palipohitajika na hadithi. Mtaa wa maskini nao ulijengwa ndani ya bwawa la studio ili mafuriko yaweze kuingizwa. Usiku wa mvua, familia inashuka, inashuka tena, ngazi baada ya ngazi, hadi nyumbani kwao chini ya usawa wa barabara. DJ yeyote angeweza kusema “wanashuka” mara kumi na hadithi yote ingekuwa ndani ya neno hilo. Mwezi Februari 2020 ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kuchukua Oscar ya filamu bora, na kule Seoul serikali ya jiji ikajikuta inaulizwa kuhusu nyumba za chini ya ardhi.

Kwenye filamu za mwendo kasi somo ni lile lile kwa njia nyingine. Mad Max: Fury Road ya 2015 ilipigwa picha nyingi kupita kiasi, saa zipatazo 480, na mhariri Margaret Sixel akazipunguza hadi saa mbili. Mikato, yaani mahali picha moja inapoachia nyingine, ni maelfu, lakini jicho halichoki kwa sababu kilicho muhimu kimewekwa katikati ya fremu, mkato baada ya mkato. Mtazamaji hatafuti. Ukitaka kujaribu hili kwa filamu yako, bandika kipande kidogo cha selotepu katikati ya skrini ya kompyuta na ucheze tukio la mapigano. Kila mara jicho lako linaporuka mbali na selotepu kwenye mkato, umemwibia mtazamaji sehemu ya sekunde. Akiibiwa mara tatu mfululizo anaacha kufuata, na kinachobaki ni kelele.

Nairobi ina ugonjwa wake wa mahali, nao ni droni juu ya KICC, lile jumba refu la mikutano katikati ya jiji. Filamu inaanza, jengo linazunguka, jua linazama, muziki unapanda. Mtazamaji ameambiwa “hapa ni Nairobi”, jambo alilolijua tangu alipoingia ukumbini. Mkaaji wa jiji hili hausomi mji kwa majengo marefu. Anausoma kwa namba ya matatu, kwa aina ya geti, kwa maji kuwapo au kutokuwapo, kwa jinsi makanga anavyoita abiria. Mhusika akipanda matatu ya 125 ya Rongai halafu ashuke chini ya daraja la Thika Road, upande mwingine kabisa wa jiji, ukumbi mzima unacheka mahali ambapo hukutaka ucheke, na kicheko hicho hakifutiki. Kuanzia hapo kila kitu kinashukiwa. Mtu wa Buruburu ajulikane anakaa Buruburu kwa sababu ameonekana akingoja matatu ya 58, basi, hiyo inatosha. Sekunde tatu. Droni ilikula ishirini.

Lugha iliyoandikwa kwa ajili ya mfadhili

Hadithi nyingi zinazotengenezwa hapa huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kwa sababu fomu ya ruzuku inataka hivyo na mshauri wa skripti anakaa Berlin au Amsterdam. Siku ya kupiga picha ndipo maneno yanageuzwa, mara nyingi na waigizaji wenyewe, wakiwa tayari wamepakwa vipodozi. Matokeo yake yanasikika mbali: mama wa Kayole anamwambia mwanawe “ninajivunia wewe”. Hakuna mama wa Kayole anayesema hivyo. Anasema “umekula?” na uso wake ndio unaosema yale mengine.

Njia inayofanya kazi ni kuandika toleo la pili la skripti, baada ya fedha kupatikana, katika lugha ambayo watu hao wanaongea kweli, pamoja na kuchanganya kwake. Kijana anaongea Sheng na wenzake, Kikuyu na nyanyake, Kiingereza kwenye usaili wa kazi na Kiswahili cha adabu akiwa mbele ya OCS, mkuu wa kituo cha polisi. Kila kubadilika kwa lugha ni kubadilika kwa mamlaka, na mtazamaji wa hapa analisikia hilo papo hapo. Waweke waigizaji wasome mezani kwa siku tatu au nne, rekodi yote, kisha chukua yale waliyoyasema walipokosea mstari, maana huwa bora. Baada ya hapo kata theluthi moja ya mazungumzo. Ukiogopa kukata, rudi kwa yule mlinzi wa geti aliyesimulia bila sauti: kila kitu alichokielewa kwa macho hakina haja ya kusemwa.

Ila jihadhari na Sheng. Inazeeka haraka kuliko kitambaa cha jinzi. Neno lililokuwa moto wakati wa kuandika huenda likawa la wazazi filamu inapotoka miaka mitatu baadaye. Tumia maneno ambayo yameshaishi muda, na umwachie kila mhusika neno moja au mawili ambayo ni yake peke yake, hata kama umeyatunga. Hayo yaliyotungwa ndiyo huvuka na kuingia mtaani.

Maandishi ya chini ya skrini nayo yana hesabu yake, na huachiwa mtu wa mwisho kabisa aliyechoka. Mistari isizidi miwili, herufi 42 kwa mstari, na yakae kwenye skrini si chini ya takriban sekunde moja wala zaidi ya saba. Kosa kubwa liko kwenye vichekesho. Mwigizaji anasema kwa Sheng, utani uko mwishoni mwa sentensi, lakini tafsiri nzima imetokea tangu neno la kwanza. Wanaosoma wanacheka kabla, wanaoelewa wanacheka baadaye, na ukumbi unakuwa na vicheko viwili dhaifu badala ya kimoja kikubwa. Igawe sentensi mara mbili, nusu ya pili itokee pale mdomo unapofika. Hiyo ni kazi ya dakika moja kwa kila utani.

Sauti ndiyo inayomnyamazisha DJ

Picha mbaya husamehewa. Tangerine ya 2015 ilipigwa kwa simu za iPhone 5s na ikaonyeshwa kwenye tamasha la Sundance bila mtu kudai pesa zake. Sauti mbaya haisamehewi na mtu yeyote, na hapa ndipo filamu nyingi za Nairobi hufia, hata zile zenye picha za kupendeza.

Chukua nyumba ya kawaida ya kupanga: sakafu ya vigae, kuta za plasta, madirisha ya chuma, pazia jepesi. Sauti inagonga pande zote na kurudi. Maiki ya kamera, iliyo mita mbili kutoka mdomoni, inachukua chumba zaidi ya mtu. Maiki ya bumu, ile ya kwenye fimbo ndefu, inatakiwa iwe sentimita 30 hadi 50 juu ya kichwa cha mwigizaji, ikielekea kifuani, nje kidogo tu ya fremu. Sakafuni tandaza blanketi nzito, nyingine zitundikwe kwenye ukuta ulio nyuma ya kamera, kwa sababu huko ndiko mwigizaji anakoelekeza sauti. Zima friji, na funguo za gari uziweke ndani yake. Hutaweza kwenda nyumbani bila kukumbuka kuiwasha tena. Jenereta ikae nyuma ya jengo, ukuta mzima kati yake na maiki, na kebo ndefu ni bei nafuu kuliko kurekodi mazungumzo upya studio.

Mabati ni tatizo la pekee. Mvua ikianza hakuna ufundi, subiri. Jua likiwa kali yanatanuka na kupiga milio midogo ambayo masikio ya kawaida huyapuuza na maiki huyanasa yote. Kibera iko karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, kwa hiyo ndege ndogo zinapita mara kwa mara. Fundi wa sauti aruhusiwe kusimamisha kazi kwa mkono mmoja bila kubishana na mwongozaji. Na kabla ya kuondoka kila chumba, watu wote wasimame kimya na ukimya wa chumba urekodiwe, sekunde 30 kwa uchache, dakika moja ni bora. Mhariri atautumia kuziba mapengo kati ya mistari. Usipokuwapo, kila mkato utasikika kama mtu anayezima na kuwasha redio.

Hayo ni ya kuepuka aibu. Ukubwa wa filamu unaanzia pale sauti inapoacha kuifuata picha na kuanza kusimulia jambo lake yenyewe. Get Out ya Jordan Peele, mwaka 2017, iligharimu takriban dola milioni 4.5 na ikaingiza zaidi ya milioni 250. Tukio linalokumbukwa zaidi lina kiti, mama mmoja, na kijiko kinachozungushwa ndani ya kikombe cha chai. Mlio huo mdogo ndio unaomtia kijana hipnosi na kumzamisha. DJ wa kibandani akiongea juu yake ameua tukio, naye mwenyewe atalihisi. Hapo ndipo anaponyamaza.

Adui mkubwa wa dakika kama hizo ni muziki usiokoma. Mhariri anaogopa ukimya, anamimina piano chini ya kila mazungumzo, na mtazamaji anaambiwa ahuzunike kabla hajapata sababu. Fanya hivi: ondoa muziki wote kwenye uhariri, tazama filamu nzima bila hata wimbo mmoja, kisha urudishe pale tu ambapo tukio limeshindwa kusimama bila fimbo. Baada ya hapo jiulize kama tukio hilo linastahili kubaki.

Na mahali pengine sauti huharibika ni mlangoni kabisa mwa onyesho. Sauti ya filamu imechanganywa kwa vipokea sauti vya masikioni, kwa spika mbili tu, halafu inapelekwa ukumbini. Mazungumzo yanatoka kushoto na kulia, kwa hiyo aliyeketi ukingoni anamsikia mwigizaji akiongea kutoka ukutani. Mazungumzo yawekwe kwenye spika ya katikati, nyuma ya skrini, na mchanganyo ufanyiwe majaribio ukumbini wenyewe asubuhi ya onyesho, si nusu saa kabla ya wageni.

Kuhusu taa nitasema machache. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50. Ukipiga picha fremu 24 kwa sekunde, shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde (kwenye kamera zinazoipima kwa digrii, 172.8), la sivyo taa za dukani zitapepesa kwenye picha na hakuna programu itakayokuponya vizuri. Ukipiga fremu 25 halafu ukumbi ukataka 24, filamu ya dakika 90 inakuwa dakika 93 na sekunde 45, na sauti za watu zinashuka kidogo, amueni mapema. Ngozi nyeusi inataka chanzo kikubwa na laini cha mwanga kutoka ubavuni ili ing'ae, na mafuta kidogo badala ya poda. Ukuta mweupe wa nyumba za kupanga ndio adui: mtoe mwigizaji mita mbili mbele yake na usiuache mwanga uuguse. Taa nyingi usoni huchapa kila kitu kikawa bapa.

Athari ni habari nyingine

Filamu inaweza kuwa bora na isiguse maisha ya mtu. Kati Kati ya Mbithi Masya ilipata tuzo ya wakosoaji wa kimataifa kule Toronto mwaka 2016, ni kazi safi, na ukiwauliza abiria wa matatu moja huenda asipatikane aliyeiona. Athari inahitaji vitu viwili ambavyo havina uhusiano na tuzo: kitu cha kubeba, na nafasi ya kurudia.

Kitu cha kubeba kinatakiwa kiwe chepesi. Black Panther ya 2018 ilikuwa na mavazi ya Ruth E. Carter yaliyompa Oscar, yakichota rangi na shanga kwa Wamaasai, blanketi kwa Wasotho na mengine mengi, na mtu wa hapa ana haki ya kulalamika kwamba bara zima lilitiwa kwenye sufuria moja. Lakini kilichosambaa duniani ni mikono miwili iliyokunjwa kifuani. Haihitaji lugha, haihitaji vazi, inafanyika kwa sekunde moja na mtu aliye mbali anaiona. Wachezaji wa mpira waliifanya wakifunga mabao. Kisumu iliionyesha filamu hiyo Februari hiyo hiyo kwa shangwe za kumpokea binti wa nyumbani, Lupita Nyong'o. Ukipanga ishara, wimbo au neno la namna hiyo, liweke mara tatu: mara ya kwanza likiwa la kawaida, ya pili likiwa na maana, ya tatu likiwa na bei. Likitokea mara moja tu kwenye kilele, hakuna atakayelibeba. Likitokea mara kumi, litachosha kabla trela haijaisha.

Wanuri Kahiu alibeba kitu kingine kabisa: rangi. Filamu yake Rafiki ilipoingia tamasha la Cannes mwaka 2018, filamu ya kwanza ya Kenya kufika huko, wageni walizoea Nairobi ya vumbi na bunduki, wakakuta waridi, zambarau, nywele za rangi na muziki wa wasanii wanawake. Bodi ya Uainishaji wa Filamu ilikuwa imeipiga marufuku Aprili, kwa sababu ya mapenzi ya wasichana wawili. Kwa maelezo ya mwongozaji, mwisho wake ulionekana una matumaini kupita kiasi. Septemba Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku kwa siku saba, kwa watu wazima, na ukumbi wa Prestige Plaza kwenye Barabara ya Ngong ukajaa mfululizo. Usidanganyike ukadhani marufuku hutengeneza filamu kubwa. Marufuku hutengeneza foleni. Waliotoka ukumbini wakaanza kupiga picha na video za muziki kwa zile rangi ndio waliopokea athari, na hilo ni kazi ya mbuni wa mandhari na mtu wa mavazi, waliokaa na mwongozaji na kuchagua rangi kabla ya kuchagua kamera. Mwaka huo huo Kenya ilipeleka Supa Modo ya Likarion Wainaina kwenye Oscar badala yake, dakika 74 tu, kuhusu mtoto mgonjwa anayetaka kuwa shujaa mwenye nguvu na kijiji kinachokubali kucheza naye. Inasimulika kwa sentensi moja, nawe umekwisha kuisikia.

Nafasi ya kurudia ndiyo inayoiangusha Nairobi. Nyimbo hukaa kichwani kwa kusikika mara mia. Filamu ya hapa huonyeshwa wiki moja Westlands au mjini, ikasafiri kwenye matamasha, kisha haionekani popote. Walioijua Nairobi Half Life kwa mistari yake wengi hawakukaa kwenye kiti cha sinema. Iliwafikia kwa DVD za River Road, kwa flashi kutoka duka la muvi, na kibandani. Watengenezaji hawakupata senti kwa nakala hizo, na ni dhuluma, lakini ndizo zilizoifanya iwe ya watu. Mtengenezaji mwenye akili anaipanga njia hiyo mwenyewe: miezi mitatu baada ya ukumbini, toleo la bei ya soda moja kwa simu, na makubaliano na wenye vibanda kwa malipo ya siku, yakiwa na faili lililobanwa vizuri lisilozidi gigabaiti moja na nusu, kwa sababu hakuna atakayepakua sita.

Kisha kuna suala ambalo halina mvuto na ndilo linaloua filamu nyingi baada ya miaka mitano: nakala na haki. Diski moja iliyo kabatini kwa mwongozaji haitoshi. Nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikae jengo jingine, na kila mwaka mtu azifungue aone kama bado zinasoma. Pamoja na filamu, hifadhi mchanganyo wa sauti ukiwa umetenganishwa, mazungumzo peke yake, muziki peke yake na milio peke yake, maana bila hivyo huwezi kutengeneza toleo la lugha nyingine, na DJ wako wa kesho hataweza kushusha muziki bila kuwashusha waigizaji. Upande wa muziki, soma leseni. Nyingi za bei nafuu ni za matamasha tu na zina mwaka wa kuisha. Zikiisha, filamu haiwezi kuingia jukwaa lolote la mtandaoni hata likiitaka. Ukiwa na bajeti ya wimbo mmoja, chukua msanii wa mtaani mnayeweza kuandikiana mkataba wa vyombo vyote na usio na mwisho, na prodyuza wa biti atie sahihi pia, kwa sababu yeye ndiye husahaulika, na yeye ndiye atakayekuja kuiondoa filamu YouTube siku itakapoanza kupendwa.